Mabeleshi Matatu

Mhandisi aliubandika mchoro wake ukutani, akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyepachika dirisha na sasa anataka kuona kama linatazama upande alioutaka.

"Haya wazee, njooni muone. Acheni chai ipoe."

Mafundi wa tanuri hawaachi chai ipoe. Walikuja na vikombe vyao mkononi, watu watano wenye nyusi zilizoungua, wakasimama mbele ya ukuta na kukikazia macho kile kimstari chekundu kilichopanda na kushuka kwenye karatasi.

"Huyu ni nyoka?" aliuliza Redio, mpakiaji wa juu, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza tangu aajiriwe.

"Ni joto la Kitinda, we Redio."

"Basi ana homa, maskini."

Wote wakacheka, akacheka na kiongozi wao wa zamu. Huyu alikuwa mjomba wake Mhandisi, mtu wa miaka hamsini na miwili, na kiwanda kizima hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Kipima. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amechungulia moto kupitia kipande cha kioo cha buluu na kutaja joto lake kwa rangi: ini, damu, chungwa, kiini cha yai, maziwa. Mhandisi alipoleta kipimajoto cha umeme, watu walimpa Kipima pole, wakamwambia amezaliwa mdogo wake na tayari anajua kusoma. Yeye hakununa. Alisimama kando ya kile kifaa wiki nzima akitaja joto kabla sindano haijatulia, na sindano ilipotulia, watu waliangaliana na kutikisa vichwa.

Kitinda lilikuwa jina la tanuri. Kiwanda kilikuwa na matanuri makubwa matatu, kila moja refu kama mnara, na hili dogo la nne lilijengwa mwisho, nyuma ya karakana, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu tu. Halikuwa la kiwanda. Lilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Utafiti, na Mfuko ulikuwa wa umma: kila tani ya makaa na kila tani ya chuma iliyouzwa nchini ilikatwa kiasi kidogo sana, na vijisehemu hivyo vikakusanywa ili watu watafute njia mpya za kufanya kazi. Aliyenunua misumari alikuwa amechangia. Aliyeezeka banda la kuku kwa bati alikuwa amechangia. Siku Kipima alipoelezwa hivyo alilifikiria mchana mzima. Watu asiowajua, ambao hawatamjua kamwe, walinunua misumari, na misumari ile ikawasha moto, na moto ule akakabidhiwa yeye. Tangu siku hiyo alikuwa akivua kofia kila anapopita mlangoni mwa Kitinda, na akiulizwa husema anajikuna.

Kilichotafutwa pale kilikuwa rahisi kueleza. Matanuri yalikula makaa yaliyookwa, ambayo mafundi waliyaita "magumu," na magumu yalitoka mbali kwa meli. Wakati huohuo, nje ya uzio wa kiwanda kulikuwa na mlima wa vumbi la makaa ya mawe lililotupwa na mgodi kwa miaka mingi, mlima ambao upepo ukivuma huhamia kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye masikio ya watoto. Mhandisi alikulia chini ya mlima huo, nyumbani kwa Kipima, tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa msichana wa miaka tisa. Sasa alikuwa amelikanda vumbi lile kwa gundi, akalifinyanga vitonge vya ukubwa wa ngumi, na kwa miaka sita alikuwa akijaribu kuyeyusha chuma kwa vitonge badala ya magumu.

"Sasa tazameni hapa," alisema, na sauti yake ikapanda kama ya mtoto anayetaka kusema siri. "Vitonge vikishaingia, baada ya dakika chache joto linashuka. Linashuka, linashuka, unasema basi, limekwisha. Halafu hapa..." Aliweka kidole kwenye kinundu kidogo juu ya mstari. "Hapa linainuka ghafla na kutulia. Tumefanya majaribio kumi na moja, na mara zote kumi na moja kinundu ni hikihiki! Nimesoma kila kilichoandikwa. Hakuna mtu duniani aliyewahi kukiona."

"Ni nini basi?" Redio aliuliza.

"Vitonge vinajirekebisha vyenyewe. Nimeandika kurasa arobaini kuhusu kinundu hiki. Mkaguzi wa Mfuko anakuja kesho, na hiki ndicho kitakachotupa miaka mitatu mingine. Bila hiki, Kitinda anazimwa mwisho wa mwezi na mimi natafuta kazi ya kufundisha hesabu."

Mafundi wakapiga makofi. Redio alipiga mara mbili, mkono ukabaki hewani. Akamgeukia Kipima polepole.

Kipima alikuwa anakitazama kinundu. Alikijua. Alikijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake mwenyewe.

Hakuna fundi wa tanuri anayeuacha moto ufe. Hilo halikuandikwa popote na halifundishwi. Linaingia mwilini kama lugha. Moto ukififia, chuma kilichoyeyuka huganda tumboni mwa tanuri, na kikiganda, mafundi husema tanuri limebeba maiti. Kipima aliwahi kuona maiti moja, mwaka wake wa pili kazini: miezi mitatu ya nyundo na patasi, watu wakiingia kwa zamu kwenye tumbo la tanuri kubwa na kulitoboa bonge la chuma lenye uzito wa nyumba. Toka hapo mikono yake haikuomba ruhusa. Moto ukianza kurudi kutoka chungwa kwenda damu, alimwonyesha Redio vidole vitatu, na Redio kule juu akatupa mabeleshi matatu ya magumu mlangoni mwa tanuri. Waliita kumpa mgonjwa dawa. Walifanya hivyo kwa matanuri makubwa, wakafanya hivyo kwa Kitinda, na Mhandisi, aliyekuwa chini kwenye kibanda chake akiitazama sindano, hakuona kitu ila sindano.

"Mjomba, mbona kimya?" Mhandisi aliuliza. "Hujapenda?"

"Nimependa," alisema Kipima. "Umekichora vizuri."

Mke wa Kipima alikuwa kwenye cherehani mumewe alipofika nyumbani jioni, akishona suruali ya jirani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, ila mguu wake ulisimama kwenye kanyagio.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mtoto umemlea mwenyewe. Umeuza baiskeli asome. Kasoma. Karudi na tanuri lake. Na wewe ukamtilia magumu kwa siri mara kumi na moja."

"Si kwa siri."

"Alijua?"

"Hakujua."

"Basi hilo lina jina gani, baba watoto?"

"Nilikuwa naumudu moto tu, mke wangu. Ule moto ulikuwa unakufa!"

"Si ungeuacha ufe. Moto una mama anayelia?" Akakata uzi kwa meno. "Kesho atasimama mbele ya wageni na kusifia beleshi lako akidhani ni akili yake. Halafu siku moja mtu atajaribu vile vitonge mahali pasipo na wewe, visiwake, na ataitwa mwongo mpaka anazeeka. Mpigie simu."

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alikwenda mpaka nyumba aliyopanga Mhandisi, akagonga, jirani akachungulia na kusema binti amekwenda mjini kumpokea mgeni wake na atalala huko. Kipima alirudi akitembea katikati ya barabara kama mtu asiye na kwao.

Asubuhi alifika kiwandani kabla ya king'ora, na bado alikuwa amechelewa. Mlango wa kibanda cha vipimo ulikuwa wazi. Ndani, Mhandisi alikuwa amesimama mbele ya mchoro, kalamu mkononi, na kwenye kiti pekee ambacho hakikuwa kimevunjika alikuwa amekaa mwanamke mfupi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Viatu vyake vya kazi vilikuwa vyake mwenyewe, vimechubuka ncha zote mbili. Kipima aliona vile viatu akaelewa. Huyu hakuwa mgeni wa kudanganywa kwa chai.

"Ah, Mama Mkaguzi, huyu ndiye kiongozi wetu wa zamu," Mhandisi alisema akitabasamu. "Mjomba, karibu, ndiyo kwanza nafika kwenye kinundu."

"Kinundu ni mimi," alisema Kipima.

"Samahani?" Mkaguzi alivaa miwani.

"Hicho kinundu. Ni mimi na mpakiaji wangu. Joto likishuka tunatupa magumu. Mabeleshi matatu. Vitonge havijirekebishi, mama. Vinarekebishwa."

Kalamu ya Mhandisi ilibaki juu ya karatasi, na wino ukaanza kufanya doa. Upande wa pili wa ukuta feni kubwa ya Kitinda ilikuwa ikivuta pumzi.

"Mara zote kumi na moja?" Mhandisi aliuliza.

"Zote."

"Hata ile ya mwezi wa tatu? Niliyolia kwa furaha, ukanishika mkono?"

"Ile tuliweka manne."

Mhandisi akakaa juu ya sanduku la vipuri. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanangu, ni kama kumfuta mtoto kamasi. Nani anakwenda kutoa taarifa kwamba amemfuta mtoto kamasi? Sikujua unachora. Nilidhani unapima chuma kinachotoka, sikujua unapima na hapo katikati. Jana ndipo nilipojiona ukutani."

"Nani alikutuma?" Mkaguzi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama daktari anayebonyeza tumbo.

"Mikono yangu."

Mkaguzi aliichukua ile ripoti ya kurasa arobaini, akaipima kwa kiganja, akamrudishia Mhandisi. "Hii itabidi uiondoe. Unajua hilo."

"Najua."

"Kushindwa si kosa kwetu. Nimesaini miradi iliyoshindwa mingi kuliko nywele zako, na kila mmoja ulitufundisha kitu. Lakini huu haukushindwa wala haukufaulu. Haukufanyika." Alivua miwani. "Nikuulize: vitonge hivi vimewahi kuachwa peke yao? Hata mara moja?"

Mhandisi alimtazama mjomba wake. Kipima akatikisa kichwa.

"Kamwe," alisema Mhandisi.

"Kwa hiyo baada ya miaka sita hatujui vitonge vinafanya nini."

"Hatujui, mama."

"Leo mna jaribio kwenye ratiba?"

"Saa tatu."

"Basi leo tujue."

Habari katika kiwanda haina miguu lakini hufika. Kabla ya saa tatu Mkurugenzi alikuwa pale, kofia yake ya kazi haina hata mkwaruzo, akizunguka Kitinda na mikono nyuma.

"Mama Mkaguzi, kwa heshima zote. Mkiacha moto ushuke na chuma kikaganda humo ndani, hilo tanuri ndiyo basi."

"Nimeelezwa."

"Mimi kwa matanuri yangu nisingethubutu. Hakuna mwenye kiwanda atakayethubutu. Mtu hawezi kukaa akitazama tanuri likifa ili tu ajue."

"Ndiyo maana hili si lako," alisema Mkaguzi kwa upole. "Hasara yake imo kwenye mkataba. Watu wamekwisha kuilipia, kwa kila msumari. Kazi yetu sisi ni kutazama sawasawa."

Kipima aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye ngazi, na akasimama. Miaka sita aliudhani moto ule umewekwa mikononi mwake ili usizimike. Haikumpitia akilini kwamba umma mzima, na misumari yake na mabati yake, ulikuwa umemnunulia ruhusa ya kungoja.

Waliyashusha magumu yote kutoka jukwaa la juu. Mageti ya jukwaa yakafungwa kwa kufuli na ufunguo ukaning'inizwa shingoni mwa Mhandisi. Yeye peke yake ndiye angeweza kusema basi. Redio aliambiwa akae chini akakaa juu ya beleshi lake, akilikalia kama kuku, na akaahidi kwamba hata nyuki akimng'ata hatainuka.

Vitonge vikaingia. Feni ikapandishwa. Mhandisi hakukaa kibandani safari hii; aliuvuta waya wa kipimajoto mpaka nje, akasimama bega kwa bega na mjomba wake mbele ya matundu matano ya kuchungulia yaliyozunguka kiuno cha tanuri. Hawakuwa wamesemeshana tangu kibandani.

"Kiini cha yai," alisema Kipima, kioo jichoni.

Mhandisi akaandika.

"Kiini, kinakwenda chungwa."

Dakika ya kumi. Ya kumi na mbili. Moto ulianza kurudi. Kipima aliusikia kabla ya kuuona. Mngurumo ulipungua uzito, kama mtu anayeongea huku akisinzia. Vidole vyake vitatu vilinyooka vyenyewe. Aliviona, akavikunja, akauweka mkono kwapani.

"Chungwa. Chungwa bivu."

Sindano ilishuka. Kwenye mchoro ule wa jana, hapa ndipo kinundu kilipoanza. Hapakuwa na kinundu. Mstari ulipita pale pale na kuendelea kuteremka kama maji yasiyoona ukingo. Kila mmoja wao sasa alikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika, na mahali penyewe palikuwa pa kutisha.

"Damu," alisema Kipima.

"Bosi," aliita Redio kwa sauti ndogo. "Bosi, jamani."

"Kaa!" Kipima alimkatiza bila kugeuka.

Dakika ya ishirini na moja. Moshi mzito wa manjano ulianza kutoka juu ya Kitinda, wenye harufu ya lami. Mkurugenzi alitoa leso, akaishika tu. Kipima aliweka jicho kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu. Vitonge vilikuwa pale, vimelala, vyeusi kingo, vikitokwa na jasho la gundi. Kati yavyo chuma kilikuwa kinapoteza wepesi. Aliona tone likining'inia na kusita kudondoka. Alijua tone likisita maana yake nini.

"Ini," alisema. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kulitaja neno hilo mbele ya tanuri lenye chuma kilichoyeyuka, ila mara ile ya maiti.

Mhandisi alishika ufunguo uliokuwa shingoni. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya masizi. "Mjomba," alisema, na hilo lilikuwa neno la kwanza. "Macho yako yanasema nini? Niambie kweli."

Kipima angeweza kusema neno moja la kumtuliza. Angeweza kusema lile Mhandisi alilotaka kusikia, au lile ambalo mikono yake ilitaka. "Yanasema linakufa," alijibu.

"Umewahi kuona lililofika hapa likarudi?"

"Hakuna aliyewahi kuliacha lifike hapa. Kwa hiyo macho yangu hayajui, mwanangu. Yanaogopa tu."

Mhandisi alimtazama Mkaguzi. Mkaguzi hakutikisa kichwa wala hakuinamisha. Alikuwa anatazama saa yake na kuandika, kwa sababu uamuzi haukuwa wake. Kisha Mhandisi aliuachia ufunguo.

"Tungoje," alisema.

Wakangoja. Dakika moja ya kutofanya kitu ilikuwa nzito kuliko zamu nzima ya kubeba. Fundi mmoja alikuwa amegeuka na kuegemeza paji la uso ukutani. Kipima alibaki kwenye tundu la tatu. Kama ni kufa, alisema moyoni, basi Kitinda asife peke yake.

Ilikuwa dakika ya thelathini na nne. Kitonge kimoja, kilichokuwa karibu na mdomo wa hewa, kilipasuka. Hakikutoa sauti. Kilipasuka ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa ule palikuwa na kitu cheupe. Kipima alifuta kioo kwa shati akidhani ni jicho lake. Akatazama tena. Ufa ulikuwa umefika kitonge cha pili. Kisha kama neno linavyopita katika umati, kutoka huyu kwenda yule, kabla hujajua nani kalianza, vitonge vyote vikapasuka, na kila ufa ukatoa mwanga.

Mngurumo ulirudi kutoka chini. Haukuwa ule wa kawaida. Ulianzia kwenye sakafu, ukapanda kwenye visigino, ukaingia mbavuni, mpaka vikombe vya chai kwenye rafu ya karakana vikaanza kugongana. Moshi wa manjano ulikatika kana kwamba umefyekwa, na juu ya Kitinda hewa ikawa safi na kutetemeka.

"Sema rangi!" Mhandisi alipiga kelele. "Mjomba, sema!"

"Damu! Chungwa! Kiini... ngoja, nisubiri... maziwa!" Alitoa kioo jichoni, akageuka, na ndipo alipoona kilichokuwa nyuma yake.

Matundu matano yalikuwa yakitupa miale mitano, na kwenye ukuta wa karakana, jua la saa nne likiwa limejaa madirishani, palikuwa na duara tano za mwanga zilizong'aa kuliko jua. Vivuli vya watu vilikuwa vimegeuka. Vilielekea madirishani, vikilala kwa kuelekea jua lenyewe, kana kwamba jua ndilo lililokuwa kando na asubuhi ilikuwa inatoka humu ndani, kwenye tumbo la tanuri dogo lililolishwa takataka. Redio aliona kivuli chake kimekwenda upande usio wake, akainuka kutoka kwenye beleshi bila kujua kwamba ameinuka, mdomo wazi, hana hata neno. Mkurugenzi alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Sindano imepita mwisho wa namba," alisema Mhandisi. Alikuwa analia na hakuwa na habari. "Gundi, Mjomba! Ilikuwa gundi! Inakula joto kwanza inapopikika, ndiyo maana linashuka, na ikishaondoka inaacha kila kitonge kina vitundu kama sifongo, na hewa inaingia kila kitundu... Tulikuwa tunakikatiza. Kila mara tulikuwa tunakikatiza kikiwa katikati ya kupikika, tunakimwagia magumu juu, hakikuwahi hata mara moja..." Alishindwa kumaliza.

Kipima alilitazama tanuri. Miaka sita kitu hiki kilikuwa humu, kikisubiri upande wa pili wa hofu yake, dakika ishirini na mbili tu kutoka pale alipokuwa akinyoosha vidole. Alitaka kuchutama. Alitaka kuomba msamaha, na hakujua amwombe nani kwanza, mtoto au moto.

Walipotoboa udongo wa tundu la kutolea, chuma kilitoka chembamba na chepesi kama maziwa yaliyochemka, kikakimbia kwenye mfereji bila kuacha ganda wala gamba, na watu wakaufuata mfereji kwa miguu mpaka kwenye kalibu ya kukigandishia, taratibu, wakinyamaza, kama wanaomsindikiza mtu mkubwa.

Mkaguzi alifunga daftari lake. "Nitaandika nilichokiona," alimwambia Mhandisi. "Pamoja na mabeleshi. Amri ya kuzima mwisho wa mwezi ninao uwezo wa kuizuia, na nimeizuia. Una siku tisini. Miaka mitatu siwezi kukuahidi. Hilo litaamuliwa na jopo, na jopo litataka kuona jambo hili mara kumi na moja, si mara moja."

"Wataliona."

"Na ukurasa wa kwanza wa ripoti mpya uwe ule wa makosa ya ripoti ya zamani. Kuna fomu. Aliyeingilia jaribio aijaze mwenyewe, kwa mkono wake, na ibaki kwenye jalada la umma. Mtu yeyote ana haki ya kuisoma."

"Nitaijaza mimi," Mhandisi alisema haraka. "Mradi ni wangu."

"Leta hapa," alisema Kipima.

Alikaa kibandani kwenye kiti kile kizuri, fomu mezani, Mhandisi amesimama mlangoni amekunja mikono. Aliandika jina lake kamili, lile la wazazi, na ilimbidi alifikirie. Aliandika cheo. Aliandika idadi ya majaribio na idadi ya mabeleshi, na kwenye mwezi wa tatu akaandika manne. Kisha akafika kwenye mstari ulioandikwa: Sababu ya kuingilia. Alifikiria maiti ya tanuri kubwa, na patasi, na miezi mitatu. Alifikiria msichana wa miaka tisa anayekung'uta vumbi kwenye sare yake kabla ya kuivaa. Hayo yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yanamtetea.

Akaandika: "Sikujua kungoja." Akasaini.

Mhandisi aliichukua fomu, akaisoma akiwa amesimama. Bado alikuwa na hasira. Ilikuwa pale kwenye taya, na Kipima aliiona na hakutaka iondoke kabla ya wakati wake. Aliikunja karatasi mara moja, akaitia kwenye jalada, akaufungia ufunguo wa jukwaa kwenye droo.

"La pili ni kesho, saa tatu," alisema. "Utakaa tundu la tatu."

"Na Redio?"

"Redio atakalia beleshi."

"Sawa, Mhandisi," alisema Kipima.

Alikuwa ameshavuka kizingiti aliposikia nyuma yake, kwa sauti iliyochoka: "Mjomba. Kaa kwanza unywe maji. Unatetemeka."